Tobo Alilolikataa Matobo

Jina la Matobo alipewa na kinyozi, wala halikuhusu suruali. Alikuwa fundi wa majokofu, na kazi hiyo ukiitazama kwa karibu ni kazi ya kutafuta matobo. Friji ikiacha kugandisha, mara nyingi gesi imetoroka mahali, na mahali penyewe ni padogo kuliko ncha ya sindano. Basi yeye huchanganya sabuni na maji kwenye kikopo, akapaka povu kwa brashi katika kila kiungo cha bomba la shaba, kisha akachutama kusubiri. Povu likituna, hapo ndipo. Angeweza kuchutama hivyo muda mrefu, shingo upande, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani.

Tabia hiyohiyo aliipeleka kwenye filamu.

Jumapili alasiri, kinyozi akishafunga duka, watu wanne walikuwa wakikutana humo ndani mbele ya televisheni ya ukutani. Wa kwanza ni kinyozi mwenyewe. Wa pili ni Mwalimu, mama wa makamo aliyefundisha fizikia sekondari na ambaye hata sokoni watu walimwita hivyo. Wa tatu ni Cheche, mchomelea vyuma, aliyepata jina kwa kazi yake na akalithibitisha kwa ulimi wake. Wa nne ni Matobo. Walichokuja kutazama ni filamu za vita vya anga, zile za himaya zinazogombania nyota, vyombo vikubwa kama miji na majemadari wenye majoho yanayoburuta sakafuni. Walizipenda jinsi wifi anavyompenda mke wa kaka yake, yaani kwa kumkagua.

"Ule mlipuko umenitetemesha kifua," Cheche angeanza.

"Huko hakuna hewa," Mwalimu angesema. "Sauti ilipita wapi mpaka ikufikie? Kwenye simu?"

"Mbona muziki hulalamikii? Wale wapiga fidla wamekaa wapi, nje ya dirisha?"

Kinyozi yeye alikuwa na hoja moja tu, na hakuichoka. "Wako vitani tangu mwaka juzi, na ndevu za jemadari zimechongwa vizuri kila siku. Nani anamnyoa? Nimekitazama chombo kizima, nimeona wahandisi, nimeona wapishi, nimeona mpaka paka. Kinyozi sijamwona."

Matobo alikuwa akingoja wamalize. Halafu angeinua kidole na kusema, "Nina tobo," na wenzake wangegeuza viti. Yeye hakujali sana mambo ya sauti na kasi ya mwanga, alimwachia Mwalimu. Alitafuta pale hadithi inapovuja. Kwa nini mlango wa kutokea angani unafunguliwa na kitufe kimoja, na kitufe chenyewe kimewekwa mahali ambapo mtu akiegemea tu anaua ukoo wake? Yule msaliti alipata wapi ufunguo, ikiwa tulionyeshwa ukitumbukia kwenye tanuri? Walikuwa wakibishana mpaka mapovu yanawatoka, Cheche akiwa upande wa filamu kila mara kwa sababu tu hakupenda watu wakubaliane.

Mke wa Matobo alikuwa mshonaji wa mapazia. Filamu zenyewe aliziona ni vurugu za watu wasio na kazi, lakini Jumapili jioni, akiwa amekaa na kitambaa mapajani, hakukosa kuuliza, "Haya, leo mmetoboa nini?" Naye mume akamsimulia. Mara nyingi alikuwa na pini midomoni, na Matobo alimtaka azitoe kwanza, maana akifika kwenye maneno ya Cheche angecheka, na pini ni pini.

Mwanamke huyo alifariki asubuhi ya siku ya kazi. Alikuwa kwa mteja akipima dirisha, amepanda juu ya kigoda. Akasema kichwa kinamuuma ghafla, akashuka, akakaa, akaomba maji. Maji yalipoletwa hakuyapokea. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani, ndivyo daktari alivyoeleza baadaye, na gari lilipofika hospitali hapakuwa tena na la kufanya.

Matobo alipigiwa simu akiwa nyuma ya duka la maziwa, amefungua friji la kioo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akafunga mtungi wa gesi, akafuta mikono kwa kitambaa, akamwambia mwenye duka asiliwashe lile friji mpaka atakaporudi, kisha akaenda.

Mazishi aliyasimamia yeye. Alijua turubai litatoka wapi, nani atakwenda kupokea wageni, nani ana kisukari asikae juani. Mwanzoni watu walimsifu kuwa ana moyo wa chuma. Siku zilivyosonga sifa ikaanza kuchacha, maana chozi halikuonekana. Shemeji yake, mdogo wa kike wa marehemu, alisema kwa sauti ambayo hakuishusha, "Wamesema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali waingie. Hapa wa mbali tumeanza wenyewe, mfiwa anapanga viti."

Na kweli alikuwa anapanga viti. Alilisikia neno hilo lote, akamletea shemeji kiti kimoja, akaenda kuchukua kingine.

Wageni walipotawanyika, mama mkwe alibaki. Hakuna aliyemwomba abaki wala aliyemuuliza ataondoka lini. Alikuwa mjane wa miaka mingi, mwanamke mfupi, mwenye hatua za taratibu, na alilala chumba cha mapazia kati ya marobota ya vitambaa. Yeye alimwita mkwe wake "baba", na Matobo alimwita "mama", na kwa heshima hiyo waliweza kuishi wiki nzima kwa maneno machache. "Maji yamekatika, baba." "Nimeona, mama." "Ufunguo nauacha wapi?" "Palepale, mama." Walikuwa wakipishana ukumbini kama wagonjwa wanaosubiri daktari mmoja.

Matobo hakuwa na huzuni. Jambo hilo lilimshangaza, kwa kiasi kile alichoweza kushangaa. Mafundi wenzake wanajua, gesi ya friji ikikurukia kidoleni ikiwa bado kimiminika, kidole hugeuka cheupe na kufa ganzi. Ukikibana huhisi kitu, unaona tu kwa macho kwamba kimebanwa. Ndivyo alivyokuwa mwili mzima. Aliamka, akaenda kazini, akatafuta uvujaji kwenye friji za watu, akapokea pole akazijibu, akarudi. Usiku alilala vizuri. Hata hilo watu wangelijua wangelisema.

Kwa kinyozi aliacha kwenda, si kwa kuamua. Jumapili ilifika akajikuta amekaa kwenye kochi, na ilipokwisha alikuwa bado amekaa. Wenzake walimwacha kwa muda. Halafu kinyozi akamfuata nyumbani, akasimama mlangoni na mwavuli.

"Sikuja kukubembeleza," alisema. "Kiti chako Cheche anakiwekea miguu. Nimechoka kukifuta."

Matobo akavaa viatu.

Alikaa nao, akatazama. Filamu ilikwisha, wakamgeukia. "Matobo, tobo?"

"Hamna."

Jumapili iliyofuata, hamna. Na ile nyingine, hamna, ingawa safari hiyo mtu aliyekufa mwanzoni mwa filamu alionekana mwishoni akipunga mkono katikati ya umati, na hata Cheche alimwona.

Ndipo wakafanya njama. Wazo lilikuwa la Cheche. Alisema Matobo ni kama injini iliyolala, inataka kusukumwa, na cha kumsukumia ni upuuzi. Wakubaliane kusema mambo ya ovyo mpaka ashindwe kuvumilia.

Cheche akaanza mwenyewe. "Mimi naona wale wangelizima tu lile jua. Wana maji mengi chomboni. Unalimwagia usiku, likiwa limepoa."

Matobo alitazama televisheni.

"Mwezini kuna baridi kwa sababu ni juu," kinyozi akaongeza. "Kama mlimani. Ukizidi kupanda unakuta nyota zimeganda."

"Mm," alisema Matobo.

Zamu ikawa ya Mwalimu. Alijisogeza kitini, akakohoa, akaonekana kama mtoto anayepewa dawa chungu. "Na pia," alisema, "kitu kizito... kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi. Hata mahali pasipo na hewa."

"Inawezekana," alisema Matobo.

Walipotoka, Mwalimu alimshika Cheche mkono pale barabarani. "Nimeitukana taaluma yangu bure," alimwambia. "Usinirudishe tena kwenye mambo yako." Lakini hakucheka.

Siku moja ya katikati ya wiki shemeji, ambaye sasa alikuwa mjamzito, alikuja na gari kuchukua vitu vya dada yake. Ilikuwa imekubaliwa hivyo. Nguo alizikunja mwenyewe chumbani huku akilia kimyakimya, na Matobo alisimama ukumbini akisubiri kuambiwa abebe nini. Ilipofika zamu ya cherehani aliifungua kutoka mezani, akaifunga kamba vizuri isigonge, akaipakia.

"Hata cherehani hutaki kubaki nayo?" shemeji alimuuliza.

"Mimi sishoni, shemeji."

Mwanamke yule alimtazama muda mrefu. "Watu walikuwa wakisema dada ameolewa na fundi wa mafriji," alisema. "Kumbe aliolewa na friji lenyewe."

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Alisikia. Matobo naye alijua kwamba hilo ni neno la kuumiza. Alilitambua jinsi mtu anavyotambua gari la jirani likipita, akajua ni la nani na linaelekea wapi. Akafunga buti la gari, akajaribu kama limeshika.

Jumapili iliyofuata ilinyesha kidogo asubuhi, kisha ikaanuka. Matobo alikuwa kwenye kochi. Mama mkwe akatoka chumbani amejifunga kitambaa kichwani na amevaa viatu vya kutokea.

"Leo unakwenda kule kwenye kelele zenu?"

"Sijui, mama."

"Twende wote. Nyumba hii imenyamaza mno."

Wakaenda. Kinyozi alipomwona mama mkwe mlangoni aliruka kupunguza sauti, akafuta kile kiti kikubwa cha kunyolea, akakizungusha kitazame televisheni, akamshika mkono mpaka akakaa. Miguu yake haikufika chini, kinyozi akamtafutia sanduku la kukanyagia. Cheche alimwamkia kwa adabu ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo.

Siku hiyo ilikuwa siku kubwa. Filamu waliyoingoja kwa muda mrefu, sehemu mpya ya hadithi waliyoifuatilia tangu mwanzo, ilikuwa imefika. Chombo kimoja kikuukuu kilikuwa kikisafirisha maji kati ya sayari zilizo vitani, na humo ndani mlikuwa na nahodha mlevi, mapacha wawili watoro wa jeshi, na mpishi. Mpishi alikuwa mwanamke mnene, mchache wa maneno. Katika sehemu zilizotangulia kazi yake ilikuwa kupita na bakuli watu wengine wakizungumza mambo makubwa.

Katikati ya filamu adui alipasua mwezi mmoja mdogo. Ulikuwa mwezi wa kwao mpishi. Alikuwa na mume kule na watoto, na watazamaji walijua hivyo kwa sababu picha yao ilibandikwa juu ya sinki. Aliona kupitia dirisha la jikoni. Ule mwezi ulifanya ufa, ukawaka ndani kama kaa, ukatawanyika. Mpishi alisimama pale kijiko mkononi. Kisha akageuka, akakoroga sufuria, akaonja chumvi, akatoka kwenye korido na bakuli zake akauliza, "Nani hajala?"

Na mpaka filamu ilipokwisha hakulizungumza tena.

Kinyozi alipowasha taa, maneno yalimwagika kama maharagwe gunia likitoboka.

"Kwanza kabisa," Mwalimu alisema, "wametuambia chombo kipo mbali na mwezi ule, mwendo wa siku kadhaa. Mwanga wenyewe haufiki papo hapo. Yeye ameona palepale adui alipobonyeza. Na vile vipande? Vipande vya mwezi mzima vimekwenda wapi? Vimeogopa?"

"Vimechoka," alisema Cheche. "Mwalimu, achana na vipande. Yule mpishi!"

"Ndiyo," kinyozi alidakia. "Hilo si tobo tena, hilo ni shimo la choo. Mwandishi amemsahau mtu wake mwenyewe."

"Hakumsahau, wamemkata," Mwalimu alisema. "Palikuwa na mahali analia, wakaona filamu inakuwa ndefu, wakapatupa ili wapate nafasi ya kurusha makombora. Naweza kuapa."

"Mtu amefiwa na mwezi mzima," Cheche alisema, akiinuka ili aigize, mkono kiunoni, "mume humo, watoto humo, na jirani anayemdai chumvi humo humo, halafu yeye, nani hajala! Nani hajala!"

Kinyozi alicheka. Mwalimu naye alicheka. Kisha wote watatu wakakumbuka ni nani amekaa pale nao, na kicheko kikakatika kama umeme. Cheche akabaki na mkono kiunoni, hajui auweke wapi. Mama mkwe kwenye kiti kikubwa hakusogea.

"Si tobo," alisema Matobo.

Hakuinua kidole. Sauti yake ilikuwa ileile ya kusema maji yamekatika.

"Unasemaje?" kinyozi aliuliza.

"Nasema pale si tobo. Mmesema mwandishi amesahau, mmesema wamekata. Hawakukata kitu."

Akaendelea, akiwa anatazama zile mashine za kunyolea zilizoning'inia ukutani.

"Siku ile hospitali walinipeleka kumtambua. Mhudumu akafunua shuka, nikasema ndiye. Nyuma ya ukuta kulikuwa na kompresa, ya kupoozea kile chumba. Ilikuwa inagonga. Tak, tak, inapumzika, tak. Nikafikiri, vali imechoka, hii haitafika mbali. Mke wangu amelala mbele yangu, nami nafikiria vali. Nilitaka hata kumwambia yule mhudumu waite mtu mapema. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mpaka leo nikijaribu kuukumbuka uso wake wa siku ile, naisikia ile mashine kwanza. Siku nyingine naisikia mashine peke yake."

"Matobo..." Cheche alianza.

"Yule mpishi ana sufuria jikoni. Inachemka, na watu hawajala. Ule mwezi ameuona, mmemwona alivyouona. Lakini kilichokuwa mkononi ni kijiko." Akafikiri kama kuna la kuongeza. "Sasa afanye nini? Akoroge."

Mwalimu alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake haukujua kupumzika hata msibani. "Nakuelewa," alisema polepole. "Lakini wangetuonyesha baadaye. Hata kidogo tu. Filamu nzima imekwisha hajasema neno."

"Labda baadaye yake bado."

"Basi tusiojua tutajuaje kwamba ameumia?"

"Sijui," alisema Matobo. "Labda hamtajua."

Ndipo mama mkwe alipozungumza. Kiti chake kilikuwa kimetazama televisheni iliyozimwa, na hakukigeuza.

"Shuka lenyewe lilikuwa rangi gani?"

Matobo alimgeukia. "Jeupe, mama."

"Safi?"

"Safi. Limepigwa pasi."

"Na nywele?"

"Zimesukwa vilevile kama alivyotoka asubuhi. Hazikufumuka."

"Macho walimfumba?"

"Yalikuwa yamefumbwa, mama. Alikuwa na doa la wino hapa kidoleni, ule wa kuwekea alama vitambaa."

Mama mkwe alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Tangu msiba hakuna aliyemweleza mambo hayo, na yeye hakuwa amempata wa kumuuliza, maana aliyeingia kule ni Matobo peke yake, na Matobo alikuwa hazungumzi. Aliuchukua mkoba wake mapajani, akaufungua, akaufunga.

"Haya," aliwaambia wale wengine, "endeleeni na mambo yenu."

Hawakuweza kuendelea sana. Kinyozi alisema kitu kuhusu kipara cha nahodha, Mwalimu akamjibu, kisha wakaagana.

Njiani mama mkwe alitembea hatua moja nyuma yake kama kawaida, akikwepa vidimbwi. Walipofika kwenye kona ya duka la simu aliuliza, "Ile mashine waliitengeneza?"

"Sijui, mama."

"Watu wa watu wanalala mle. Nenda kawaangalizie."

Kesho yake akaenda, na mkoba wake wote, geji ya kupimia gesi, mtungi, kikopo cha sabuni na brashi. Chumba cha maiti kilikuwa nyuma ya jengo la kufulia. Mhudumu, mzee aliyevaa buti za mpira, alikuwa akimwaga maji sakafuni.

"Umekuja kumchukua nani?"

"Simchukui mtu. Mimi ni fundi wa majokofu."

"Hatujaita fundi."

"Najua. Nilipokuja mara ya mwisho kompresa yenu ilikuwa inagonga."

"Aa, ile!" Mzee aliweka ndoo chini. "Ile ilikufa siku nyingi, ndugu yangu. Wameleta mpya. Sikiliza."

Matobo akasikiliza. Ilikuwa ikivuma sawasawa, sauti moja, haina kasoro. Hakuna cha kupaka povu. Alisimama pale na mkoba wake begani, na hakuweza kufikiri jambo la kufanya baada ya hapo.

"Ulikuwa na mtu wako hapa?" mzee aliuliza.

"Mke wangu."

"Pole sana. Mimi siwakumbuki. Ningekuwa nawakumbuka wote nisingeweza kurudi kesho yake." Akamtazama, akatazama mkoba. "Lakini kwa kuwa umeshafika, hebu niangalizie feni ya ofisini. Haizunguki mpaka uisukume kwa kalamu."

Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye meza na kalenda. Matobo alipanda juu ya kiti, akaishusha feni, akaifungua, akaona kapasita inayoanzisha mota imekwisha. Alikuwa na nyingine kwenye mkoba. Akaibadilisha, akasafisha mapanga yake kwa kitambaa kibichi maana yalikuwa na vumbi lililoshikana, akairudisha juu. Mzee akabonyeza swichi. Feni ikazunguka, kalenda ukutani ikaanza kupiga kelele, na wote wawili wakaitazama kwa muda.

"Safi," alisema mzee. Akamletea maji kwenye kikombe cha bati, Matobo akanywa, akaenda zake kazini.

Jioni alimwambia mama mkwe, "Wameshanunua mpya, mama."

"Vyema," alisema mama mkwe. Baada ya hapo ndipo alipoanza kumsimulia, siku moja neno hili, siku nyingine lile, mambo ya mwanawe alipokuwa mdogo. Jinsi alivyokata shuka la wageni akamshonea mbuzi nguo. Jinsi alivyochelewa kutembea kwa sababu alipenda kubebwa. Matobo alisikiliza. Alijua hadithi hizo zinachekesha, na mara moja, kwenye ile ya mbuzi, akatoa sauti fulani puani.

Msimu ulipogeuka shemeji alijifungua, na mama mkwe akaitwa kwenda kumsaidia. Shemeji alikuja mwenyewe kumchukua, mtoto amembeba. Wakati Matobo anapakia mabegi, mwanamke huyo alimfuata mpaka nyuma ya gari.

"Shemeji," alisema, "lile neno nililosema. La friji."

"Neno gani?" Matobo alijibu, ingawa alilikumbuka vizuri, hata mahali shemeji aliposimama alipolisema.

Shemeji akasita, akamrekebisha mtoto begani. "Basi. Mama amenieleza mambo."

"Sawa, shemeji. Huyu mtoto mfunike, kuna upepo."

Mama mkwe alimuaga mlangoni, akamkumbusha bomba la jikoni linalotiririka, akamwambia, "Baba, usiache kwenda kwa wale wapiga kelele." Akapanda gari.

Hakuacha. Jumapili nyingine alisema "Hamna", na Jumapili nyingine alikuwa na tobo, dogo, akalisema bila kuinua kidole. Cheche alitangaza kwamba Matobo amerudi. Mwalimu alisema amerudi nusu, na wakabishana juu ya hilo akiwa amekaa katikati yao. Kuhusu mpishi hawakupatana kamwe. Kinyozi alishikilia kuwa ni shimo la choo, isipokuwa sasa alilisema kwa sauti ya chini.

Wiki ya kwanza ya kuwa peke yake, Matobo alipitia sokoni akitoka kazini. Tangu msiba, manunuzi alikuwa akiyafanya mama mkwe, na kabla ya hapo mke wake. Akasimama mbele ya mwanamke anayeuza vitunguu.

"Nikupimie kiasi gani?" muuzaji aliuliza.

Matobo alivitazama vile vitunguu. Muuzaji akahudumia mtu mwingine, akamrudia, akamkuta bado amesimama.

"Kaka, kiasi gani?"

"Sijui mtu mmoja anakula vitunguu vingapi," alisema Matobo.

Mwanamke alicheka, kisha akamwangalia usoni, akaacha kucheka. Akachagua vitatu vya kati, akavipangusa maganda yaliyolegea, akavitia kwenye mfuko.

"Anza na hivi," alisema. "Vikiisha, urudi."

Vilipoisha, akarudi.